FISI NDANI YA MASHUA: Uhakiki wa Riwaya ya Life of Pi na Funzo Lake kwa Somo la Hurafa

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayeyasoma makala haya, naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili insha kuhusu usiku ambao hawatausahau. Mvulana mmoja aliandika juu ya fisi aliyekuwa akibisha mlango wa nyumba yao kila mwisho wa mwezi. Fisi huyo alikuwa akila chakula chote kilichokuwa mezani, kisha akamgeukia mama mwenye nyumba. Sungura mdogo alijificha nyuma ya pipa la maji, akihesabu vidole vyake mpaka kukakucha. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika ukingoni: "Hii ni hurafa. Hukuulizwa hurafa. Haina uhalisia." Nikamtuza alama sita kwa ishirini. Muhula ulikwisha kabla ya mwalimu wa ushauri nasaha kunieleza habari za nyumba ile. Wakati huo mama alikuwa amekwisha kuhama na watoto wake, na mvulana yule hakurudi shuleni kwetu. Nilikuwa nimeletewa ushuhuda, nami nikausahihisha kama insha iliyopotoka.

Kosa hilo ndilo linalonisukuma kuihakiki riwaya ya Life of Pi ya Yann Martel katika ukumbi huu. Huenda ukauliza: riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza na Mkanada, kuhusu Mhindi aliyepotea katika Bahari ya Pasifiki, inatafuta nini kwa walimu wa Kiswahili? Jibu ni kwamba swali kuu la riwaya hii ndilo swali tunaloliruka kila tunapofundisha ngano. Tunawakaririsha wanafunzi kwamba hurafa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama waliopewa sifa za binadamu. Wanalikariri, wanalipata swali katika mtihani, wanatuzwa alama. Ni mara chache tunapowauliza: kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aache kusema "baba" aseme "fisi"?

Mwandishi na riwaya kwa ufupi

Yann Martel alizaliwa mwaka wa 1963 mjini Salamanca, Uhispania, kwa wazazi raia wa Kanada. Life of Pi ilichapishwa mwaka wa 2001 na ikamtunukia Tuzo ya Booker mwaka wa 2002. Mwaka wa 2012 mwelekezi Ang Lee aliigeuza kuwa filamu, na wanafunzi wengi wanaodai kuijua hadithi hii huwa wameijua kupitia filamu hiyo. Kuitazama filamu si vibaya, lakini hakuchukui nafasi ya kusoma. Filamu huonyesha chui milia kwa uwazi na uzuri mwingi kiasi kwamba mtazamaji huona vigumu kumtilia shaka, ilhali riwaya inataka umtilie shaka.

Riwaya ina sura 100 zilizogawika katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inatokea Toronto na Pondicherry, kusini mwa India. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo ndefu zaidi, inatokea baharini. Sehemu ya tatu ni fupi mno na inatokea katika hospitali ndogo mjini Tomatlán, Mexico. Mtahiniwa asidanganywe na ufupi wa sehemu hii. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayoigeuza riwaya nzima juu chini.

Muhtasari

Mhusika mkuu ni Piscine Molitor Patel, aliyepewa jina la bwawa la kuogelea la jijini Paris. Wenzake shuleni wanalipotosha jina hilo likawa tusi la haja ndogo. Siku ya kwanza katika shule mpya, Piscine anasimama mbele ya ubao na kujiita Pi, kama ile Pai ya hesabu za duara. Babake, Santosh Patel, anamiliki bustani ya wanyama mjini Pondicherry. Pi amelelewa katika dini ya Kihindu, lakini anapobalehe anaukumbatia Ukristo na Uislamu pia bila kuiacha dini ya wazazi wake, jambo linalowaduwaza viongozi wote watatu wa dini.

Kutokana na hali ya kisiasa nchini India katika miaka ya sabini, familia inaamua kuhamia Kanada. Wanyama wanauzwa kwa bustani za Amerika Kaskazini, na baadhi yao wanasafiri pamoja na familia katika meli ya shehena ya Kijapani iitwayo Tsimtsum. Meli inang'oa nanga kutoka Madras tarehe 21 Juni 1977. Tarehe 2 Julai inazama. Pi, mwenye umri wa miaka kumi na sita, anajipata katika mashua ya kuokolea pamoja na punda milia aliyevunjika mguu, fisi, orangutangu jike aitwaye Orange Juice, na chui milia wa Bengal aitwaye Richard Parker. Babake, mamake na nduguye Ravi hawaonekani tena.

Fisi anamla punda milia akiwa hai, kisha anamuua orangutangu. Chui milia naye anamuua fisi. Wanabaki wawili: mtoto na mnyama. Pi anaunda chelezo kwa makasia na jaketi za kuokolea na kukifunga nyuma ya mashua, kisha pole pole anamfunza Richard Parker adabu kwa kipenga, kwa chakula na kwa kumtia kichefuchefu cha bahari. Wanaishi hivyo kwa siku 227, wakila samaki na kasa, wakinywa maji ya mvua. Tarehe 14 Februari 1978 mashua inafika pwani ya Mexico. Chui milia anaruka nchi kavu, anaingia msituni bila kugeuka nyuma, na Pi analia kwa kukosa hata kuagwa.

Hadithi mbili, ushahidi mmoja

Kama riwaya ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kusisimua ya masaibu ya baharini, basi. Lakini maafisa wawili wa wizara ya uchukuzi ya Japani, Okamoto na Chiba, wanamjia Pi hospitalini. Wanachunguza sababu ya meli kuzama. Pi anawasimulia habari za wanyama. Hawamwamini. Wanataka, kama wasemavyo watu wa ofisi, ukweli mtupu.

Ndipo Pi anawasimulia hadithi ya pili, kwa ufupi na bila pambo. Ndani ya mashua kulikuwa na watu wanne: baharia kijana aliyevunjika mguu, mpishi wa meli, mama yake Pi, na Pi mwenyewe. Mpishi alimkata baharia mguu, na baharia alipokufa, nyama yake ikawa chambo na chakula. Baadaye mpishi alimuua mama. Pi akamuua mpishi. Maafisa wenyewe wanaoanisha: punda milia ni baharia, orangutangu ni mama, fisi ni mpishi. Na chui milia? Chui milia ni Pi.

Zingatia jambo hili, msomaji. Pi anawakumbusha maafisa kwamba hakuna hata moja kati ya hadithi hizo inayoeleza kwa nini meli ilizama, na hawana njia ya kuthibitisha ipi ilitokea. Katika zote mbili meli inazama, familia inaangamia, na yeye anateseka. Kisha anawauliza ni ipi iliyo hadithi bora. Wanachagua ile ya wanyama. Anawashukuru, na kuongeza kwamba ndivyo mambo yalivyo na Mungu pia.

Wanafunzi wengi, na walimu pia, hudhani kwamba kazi ya mhakiki ni kutegua kitendawili hiki: hadithi ya kweli ni ipi? Wengi hujibu upesi kwamba ni ya pili, kwa sababu ina watu, na mambo ya watu ndiyo yenye "uhalisia". Mimi nilijibu hivyo nilipoisoma mara ya kwanza. Sasa naliona jibu hilo kuwa kweli nusu. Ni kweli kwamba dalili nyingi zinaelemea upande wa hadithi ya pili. Lakini angalia jinsi hadithi hizo mbili zinavyosimuliwa. Ile ya wanyama inachukua takriban sura 60. Ile ya watu inachukua kurasa chache tu. Katika ile ya wanyama Pi anaweza kusimama, kueleza, kufanya mzaha, kuhuzunika na hata kumpenda mnyama aliyeua. Katika ile ya watu anasema yaliyotokea kisha ananyamaza. Kuna maumivu ambayo lugha ya moja kwa moja huyabeba hatua tatu tu kisha yakaanguka. Hurafa huyabeba mpaka nchi kavu.

Hilo ndilo jibu la swali nililolitaja mwanzoni. Mtu husema "fisi" kwa sababu akisema "mpishi" hataweza kuendelea. Hajaukimbia ukweli, ila ametafuta chombo cha kuusafirishia. Wazee wetu waliliona hilo zamani. Ngano za sungura na fisi hazikuwa za kuwalaza watoto pekee. Zilikuwa pia njia ya mnyonge kumsema mwenye nguvu bila kukatwa ulimi.

Adili na Nduguze: manyani walio ndugu

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kwenda Pasifiki kukutana na jambo hili. Hebu tukumbuke Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka wa 1952. Adili, liwali mwema, anaonekana usiku akiwapiga manyani wawili. Habari inafika kwa Mfalme Rai, naye anamtaka ajieleze. Adili anasimulia: manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu na kugeuzwa wanyama kwa uovu wao.

Tazama yanavyofanana. Katika kila kazi pana safari ya bahari, pana dhuluma ya kutisha ndani ya chombo kimoja, pana wanyama ambao kwa hakika ni watu, na pana msimulizi anayetakiwa na wakubwa aeleze jambo lisiloaminika. Tofauti yao ndiyo inayofundisha zaidi. Mfalme Rai anasikiliza na anaamini, na kwa kuwa ameamini, msamaha unawezekana: mwishowe ndugu wanarudi kuwa watu. Maafisa wa Kijapani wanasikiliza lakini hawaamini, na kwa kuwa hawaamini, wanamlazimisha mtoto aliyenusurika kufa afungue jeraha lake la pili mbele yao ili faili yao ikamilike. Kwa Shaaban Robert mnyama anarudi kuwa mtu kwa rehema. Kwa Martel mnyama anarudishwa kuwa mtu kwa maswali, na hilo ni kama kumpiga mtu aliyekwisha kupigwa.

Mwanafunzi akiweza kuandika aya hiyo moja kwa maneno yake mwenyewe, ameshafanya fasihi linganishi, hata kama hajawahi kusikia istilahi hiyo.

Usawiri wa wahusika

(i) Pi. Ni mcha Mungu, mdadisi, mstahimilivu na mwenye mpango. Lakini sifa hizi zikiorodheshwa tu hazitoshi. Kinachompa uhai ni mgongano ndani yake. Huyu ni mtu asiyekula nyama tangu kuzaliwa, anayelia anapomuua samaki wake wa kwanza. Muda mfupi baadaye anamponda fulusi kichwa bila machozi. Yeye mwenyewe anatambua jinsi mazoea yanavyomfanya mtu aweze lolote, hata kuua. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu mabadiliko ya mhusika, aanzie hapo.

(ii) Richard Parker. Kama mnyama, amesawiriwa kwa uaminifu mkubwa: haongei, hatoi mawaidha, hapendi mtu. Hili ni muhimu. Martel hakumpa chui milia sifa za binadamu kama ilivyo katika hurafa ya kawaida. Alimwacha awe mnyama, kisha mwishoni akatuambia huenda ndiye binadamu. Pi anakiri kwamba bila chui milia angekufa, kwa sababu kumwogopa na kumlisha kulimpa kazi ya kufanya kila siku. Tukimsoma chui milia kama upande wa Pi ulioua, basi ujumbe ni mzito: upande ule wa kutisha ndio uliomfikisha pwani. Unapofika nchi kavu unaondoka bila kuaga, na mtu anabaki akilia kwa ajili ya kitu alichokiogopa kuliko vyote.

(iii) Baba. Anaonekana mapema kisha anazama na meli, lakini funzo lake halizami. Aliwahi kuwalazimisha wanawe kutazama chui milia akimla mbuzi, ili wasije wakamdhania mnyama kuwa rafiki. Vilevile katika bustani yake aliweka bango lililouliza mnyama hatari zaidi ni yupi, na mgeni alipofungua pazia alikuta kioo. Msomaji wa haraka huona hapo mzaha tu. Kwa hakika ni kiangaza mbele cha riwaya nzima.

(iv) Okamoto na Chiba. Ni wahusika wadogo wenye dhima kubwa. Wao ndio wasomaji ndani ya hadithi. Okamoto ni sisi tukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Lakini asihukumiwe kwa pupa, kwa sababu katika ripoti yake ya mwisho anamtaja mnusurika aliyeishi muda mrefu baharini na chui milia wa Bengal. Afisa aliyetaka ukweli mtupu ameliandika jina la mnyama katika karatasi ya serikali.

Mbinu za kimtindo

Hadithi ndani ya hadithi. Riwaya inafunguliwa na dibaji ambamo "mwandishi" anadai alikutana na mzee mmoja Pondicherry aliyemwahidi hadithi itakayomfanya amwamini Mungu. Dibaji hiyo ni sehemu ya ubunifu. Watahiniwa wengi husoma dibaji kama habari za mwandishi, waonywe.

Matumizi ya majina. Tsimtsum ni neno kutoka mafundisho ya siri ya Kiyahudi, lenye maana ya Mungu kujivuta nyuma ili ulimwengu upate nafasi. Meli yenye jina hilo inapozama, Pi anaachwa katika nafasi hiyo tupu. Pai nayo ni namba isiyo na mwisho wa desimali, tunayoikadiria kuwa 22 kwa 7, na anayepanga tarakimu hizo bila mstari wa kugawanya atapata 227, idadi ya siku alizokaa baharini. Ama Richard Parker, jina hilo lina historia. Mwaka wa 1838 Edgar Allan Poe alichapisha riwaya ambamo baharia aitwaye Parker analiwa na wenzake baada ya chombo kuharibika. Mwaka wa 1884 mashua ya Kiingereza Mignonette ilizama kusini mwa Atlantiki, na kijana wa miaka 17 aliyeitwa Richard Parker akauawa na kuliwa na wenzake. Kesi yao ingali inafundishwa kwa wanafunzi wa sheria. Kwa hiyo yule ambaye historia ilimfanya chakula, Martel amemfanya mlaji. Hapo kuna kinaya, na kuna dokezo kwamba habari ya watu kulana ilikuwamo ndani ya jina tangu mwanzo.

Kinaya. Mlaji mboga anakuwa mchinjaji. Adui anakuwa sababu ya kuishi. Aliyeogopwa usiku na mchana anaililiwa anapokwenda.

Orodha. Pi huorodhesha vitu vilivyomo mashuani na ratiba ya siku yake kwa utulivu wa karani wa ghala. Orodha hizi huonekana kama kokwa zisizo na utamu, lakini zinaonyesha akili inayojishikilia isisambaratike.

Taharuki ya namna yake. Tunajua mapema kwamba Pi amepona, kwa kuwa tunamwona Toronto akiwa na mke na watoto. Hatuulizi kama atapona. Tunauliza atapona akiwa mtu wa namna gani.

Upungufu wa riwaya

Mhakiki asiwe mpiga debe. Naona kasoro tatu. Kwanza, mwandishi anawafanya maafisa waoanishe wanyama na watu hadharani, mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ilikuwa haki ya msomaji. Katama Mkangi alilifanya jambo kama hilo kwa jina tu: Walenisi likitamkwa polepole linasema "wale ni sisi", na msomaji anashtuka peke yake.

Pili, ahadi ya hadithi ya kumfanya mtu amwamini Mungu ni kubwa kuliko kinachotolewa. Kusema tuchague hadithi iliyo bora si sawa na kusema hadithi hiyo ni kweli, na muumini wa dini yoyote kati ya zile tatu huenda asiridhike imani yake ikiwekwa kwenye mizani ya utamu. Mwalimu asililazimishe darasa likubali hoja ya Pi. Alizue mjadala.

Tatu, mama anayeuawa katika hadithi ya pili anapewa mistari michache tu, na ushujaa wake unapita kama upepo. Orangutangu anahuzunikiwa kwa urefu zaidi. Huenda ndilo lengo, yaani mtoto hawezi kumtazama mamake ila akiwa amefunikwa manyoya. Bado namdai mwandishi aya moja zaidi.

Kuna wanaotaja kisiwa kielea cha mwani na wanyama wake wa jamii ya nguchiro, ambacho usiku hugeuka tindikali, na ambako Pi anakuta meno ya binadamu ndani ya tunda, kuwa kasoro ya nne. Sikubaliani nao. Maafisa wanapojaribu kukioanisha kisiwa hicho na hadithi ya pili wanashindwa. Meno ni ya nani? Hawajui. Hapa Martel anatupa funzo ambalo watahiniwa wetu wanalihitaji mno: istiara si hesabu ya kila kitu na jibu lake. Daima hubaki kitu kisichooanishika, na anayelazimisha kila unyoya upate maana hupoteza ndege mzima.

Darasani: ndizi na karai

Katika mahojiano ya hospitalini Okamoto anasema orangutangu hakuweza kufika juu ya ndizi kwa kuwa ndizi hazielei. Pi anamwambia ajaribu katika sinki. Wanajaribu, nazo zinaelea. Kabla ya kufundisha hurafa, leta darasani karai la maji na ndizi mbili. Waulize wanafunzi wapige kura: zitaelea au zitazama? Kisha zitie majini. Baada ya kicheko waulize: kama tulikosea kuhusu ndizi, tuna hakika gani kuhusu chui milia?

Zoezi la pili ni gumu zaidi. Waambie waandike tukio moja la kweli waliloliona, kwa aya moja, bila wanyama. Kisha waliandike tena kama hurafa. Usisome aya ya kwanza isipokuwa mwanafunzi akubali mwenyewe. Soma ya pili. Utashangaa ni wangapi watakaojaza ukurasa mzima kwa hurafa baada ya kushindwa kumaliza mistari mitatu kwa lugha ya moja kwa moja. Ukiona fisi anayerudi rudi kila mwisho wa mwezi, usiulize mbele ya darasa fisi ni nani. Mwite mwandishi faraghani, umsikilize, na ikibidi umhusishe mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo. Tuza insha kwa ufundi wake kama unavyotakiwa, lakini usiandike ukingoni kwamba haina uhalisia kabla hujajua.

Hitimisho

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mashua ya Pi hatukuilalia, na nyumba za wanafunzi wetu nyingi hatuzilalii. Riwaya hii inatufundisha kwamba swali la "ni kweli au si kweli" ni la pili katika fasihi. La kwanza ni: aliyesimulia amebeba nini, na kwa nini amekifunika? Mtahiniwa akiliuliza swali hilo mbele ya ngano yoyote katika karatasi ya fasihi, ataacha kuorodhesha sifa na ataanza kuhakiki. Mwalimu akiliuliza mbele ya rundo la insha za kidato cha pili, huenda akampata mtoto mmoja kabla muhula haujaisha. Mimi nilichelewa. Wewe bado una rundo hilo mezani.

Maswali ya kutafakari

1. "Hurafa ni ushuhuda uliofunikwa." Jadili kauli hii ukirejelea Life of Pi na ngano yoyote ya jamii yako.

2. Linganisha na utofautishe dhima ya wanyama katika Life of Pi na katika Adili na Nduguze.

3. Eleza mabadiliko ya mhusika Pi kuanzia samaki wa kwanza hadi kufika kwake Tomatlán.

4. Okamoto na Chiba ni wasomaji wabaya au wazuri? Tetea jibu lako.

5. Tunga hurafa yenye mhusika mnyama asiyesema neno hata moja.